Ufundi wa magari makubwa Arusha na Moshi: anzia chini ya gari, injini itakusubiri

Kijana akija gereji kuomba kazi, swali lake la kwanza huwa lilelile: "Fundi, nitachukua muda gani kuijua injini?" Jibu langu huwa haliwafurahishi. Lori likizima mlimani, mwenye gari anapata hasara na dereva analala njiani. Lori likikosa breki kwenye mteremko wa kutoka Karatu kushuka Mto wa Mbu, hapo hasara siyo neno tena. Ndiyo maana vijana wangu nawaanzisha chini: magurudumu, breki, springi. Injini inakuja baadaye, na ikija, mkono unakuwa umeshatulia.

Huu ndio mpangilio ninaoufuata. Fundi mwingine anaweza kuwa na wake.

Hatua ya 1: Chagua mlango wa kuingilia

Milango iko miwili. Wa kwanza ni darasa. VETA wana chuo Moshi, na vyeti vyao siku hizi ni vya ngazi tatu, NVA I hadi III, ingawa wazee gereji bado wanaulizana habari za "tredi testi". Ukiwa umefaulu kidato cha nne na fizikia na hesabu zako zinasimama, angalia pia Chuo cha Ufundi Arusha, kile kilichoanza 1978 kwa ushirikiano na Wajerumani. Pale unasomea uhandisi wa magari kwa ngazi za cheti na stashahada.

Mlango wa pili ni gereji yenyewe. Arusha, nenda Unga Limited. Moshi, zunguka eneo la viwanda, au ukae siku moja Njia Panda ya Himo ambako malori ya Holili na ya Dar es Salaam yanapishana, uulize madereva wanatengenezea wapi. Dereva hakupeleki kwa fundi mbovu. Maisha yake yamo humo.

Ukiweza, changanya yote mawili. Nimepokea vijana wa chuo wanaojua kuchora mfumo mzima wa breki ubaoni lakini hawajawahi kufungua nati iliyoshika kutu. Nimefanya kazi pia na mafundi wa mtaani wa miaka 20 wanaofunga breki vizuri kabisa, ukiwauliza kwa nini ile vali iko pale, wanabaki kucheka. Kwa hawa wa pili VETA wana mpango wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kwa vitendo na kuhojiwa, unaongezewa pale penye pengo, unapata cheti bila kuanza upya. Usiudharau. Kampuni ya usafirishaji yenye malori mengi haikuajiri kwa sababu ya sifa za kijiweni.

Na dada zangu, msidanganywe kwamba kazi hii ni ya misuli. Nati ya tairi la Fuso haifunguliwi kwa misuli, inafunguliwa kwa bomba refu.

Hatua ya 2: Osha spea mpaka uyajue majina

Miezi ya kwanza utaosha spea kwa dizeli, utashika tochi, utatumwa dukani. Utapewa hela ya kula na pengine hakuna zaidi. Wengi wanakimbia hapa. Lakini anayeosha ndiye anayeona: meno ya gia yaliyolika, beringi yenye michirizi, shuu ya breki iliyoisha upande mmoja. Usioshe tu ukaweka pembeni. Geuza, tazama, uliza.

Nunua daftari. Upande mmoja andika jina la gereji, upande wa pili andika jina lililo kwenye boksi la spea na namba yake. Sisi tunasema "busta" ya breki, lile kopo la chuma linalopokea upepo na kusukuma breki, muuza spea ana busta za saizi kadhaa, na namba ndiyo inayokuokoa na safari tatu za kwenda na kurudi dukani. Kabla hujafungua kitu chochote, kipige picha kwa simu. Boliti za kila sehemu ziwe na kopo lake. Fundi aliyenifundisha alikuwa akikuta boliti imebaki baada ya kufunga, anafungua kazi yote upya mbele ya mteja, hata kama ni saa mbili usiku. Nilimwona mkorofi. Leo nafanya hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Vifaa vyako mwenyewe

Usinunue kila kitu. Anza na spana za kawaida kuanzia 8 hadi 32, nyundo nzito, bisibisi imara, fila geji ya kupimia nafasi nyembamba, tepu ya kupimia, tochi ya kichwani. Ovaroli na viatu vigumu mbele. Spana ya tairi ujue unakokwenda: malori mengi ya Kijapani ya zamani yana nati ya nje ya 41 na ya ndani ya kichwa cha pembe nne cha 21, ya Ulaya mengi ni 32 au 33. Spana za bei rahisi zinazopanuka mdomo zinakula vichwa vya boliti, halafu lawama inakuwa yako. Heri spana tano nzuri.

Hatua ya 4: Vitu vinne vinavyoua fundi

Hapa sifanyi mzaha, na kijana anayefanya mzaha hapa namrudisha nyumbani.

Jeki. Jeki ni ya kunyanyulia, haikuundwa kushikilia gari. Ukishanyanyua, weka stendi au magogo magumu yaliyopangwa msalaba chini ya ekseli, kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, ndipo uingie. Tofali halifai, linapasuka ghafla bila kukuonya.

Kebini na bodi ya tipa. Kebini ikilazwa mbele, hakikisha imefika mwisho na kizuizi chake kimeshika. Bodi ya tipa ikiinuliwa tupu kwa ajili ya matengenezo, weka mhimili wa chuma chini ya bodi. Mpira wa haidroli ukipasuka, bodi haikusubiri utoke.

Rimu ya vipande, ile yenye ringi ya kufungia. Ukijaza upepo na ringi haijakaa sawa, inaruka kama kombora. Jaza ndani ya kizimba cha chuma, au kama hakuna basi ifunge kwa mnyororo imara, tumia mpira mrefu, usimame pembeni. Kabla ya kufungua tairi la namna hiyo kwenye gari, toa upepo wote kwanza, na kwa matairi pacha toa yote mawili.

Ya nne ni busta ya nyuma, na hii ndiyo isiyojulikana kwa wengi. Ndani yake kuna springi nene iliyobanwa kwa nguvu ya karibu tani moja. Kuna mwenzangu, tukiwa wote wasaidizi, alianza kulegeza mkanda wa busta ya aina hiyo ili abadilishe mpira wa ndani. Mfuniko ulipita karibu na sikio lake ukatoboa bati la ukuta. Busta hiyo ina boliti yake maalumu ya kuifunga springi. Mara nyingi imehifadhiwa ubavuni mwa busta yenyewe. Ingiza, zungusha, kaza nati mpaka springi ifungwe, ndipo ushike kitu kingine. Na ule upande wenye springi usiufungue kabisa. Umeharibika? Badilisha mzima.

Hatua ya 5: Breki ya upepo, hapa ndipo ukae sana

Kwanza elewa inavyofanya kazi, maana nusu ya makosa ninayoyaona yanatokana na fundi kudhani breki ya lori ni breki ya Noah iliyokuzwa.

Injini inazungusha kompresa, kompresa inajaza upepo. Gavana inakata upepo ukifika karibu bar 8. Draya inakausha unyevu. Upepo unakaa kwenye matangi. Dereva akikanyaga, vali ya mguuni inaruhusu upepo uende kwenye busta, fimbo ya busta inasukuma mkono wa breki, tunaouita slaki, slaki inazungusha es-kamu, es-kamu inatanua shuu zikabane dramu, lile pipa la chuma linalozunguka na gurudumu. Breki ya kuegeshea ni kinyume: inafungwa na ile springi, na upepo ndio unaoifungua. Kwa hiyo lori lililopoteza upepo likakwama katikati ya barabara limefanya kazi yake. Kazi yako ni kutafuta upepo unakopotelea, wala usishawishike kuzifunga zile springi ili gari litembee hivyo hivyo na mzigo.

Sasa ukaguzi wenyewe, kwa mpangilio huu:

1. Sehemu tambarare, kabari kwenye magurudumu, hendibreki imeachiwa. Jaza upepo mpaka gavana ikate, zima injini. Nyamaza. Gereji ina kelele, kwa hiyo mimi ukaguzi huu naufanya asubuhi kabla wachomeleaji hawajawasha mashine. Uvujaji mkubwa utausikia.

2. Mwambie mwenzako akanyage breki na kushikilia dakika moja. Sindano isishuke zaidi ya kama robo ya bar hivi. Ikishuka zaidi, chukua maji ya sabuni na brashi, pita kila kiungo, kila mpira, kila busta. Mapovu yatakuonyesha.

3. Fungua vali za chini ya matangi. Maji kidogo ni kawaida, hasa Juni na Julai baridi ya Arusha inapokaza. Maji mengi yana maana draya imechoka. Ukiona uji mweusi wa oili, kompresa inapitisha oili. Kubadilisha draya peke yake ni kumla mteja hela.

4. Weka alama ya chaki kwenye fimbo ya busta pale inapotokea. Breki ikanyagwe upepo ukiwa kama bar 6. Pima fimbo imetoka kiasi gani. Kwa busta ya kawaida ya namba 30, ikifika milimita 50 breki hiyo imepita kiasi. Linganisha kushoto na kulia kwenye ekseli moja. Zikitofautiana sana, lori litavuta upande.

5. Slaki ya kukaza kwa mkono: nyanyua gurudumu, bonyeza kifungio, zungusha mpaka shuu zishike dramu, kisha rudisha nyuma kama nusu mzunguko. Zungusha tairi kwa mkono, lizunguke huru. Slaki inayojikaza yenyewe ni habari nyingine. Ukikuta imelegea usiikaze ukaondoka. Jiulize kwa nini imeshindwa kujikaza: bushi za es-kamu zimelika, pini imekauka, au slaki yenyewe imekufa. Ukiikaza kwa spana umeuficha ugonjwa mpaka wiki ijayo.

6. Shuu zibadilishwe ekseli nzima, kushoto na kulia. Ukikuta lainingi, ile sehemu ya shuu inayosugua dramu, imelowa oili, sili ya habu imepasuka. Badilisha sili kwanza. Kuna mafundi wanaomwagia lainingi petroli na kuichoma moto "ikauke". Ikipoa inaonekana safi, ikipata joto la mteremko oili iliyojificha ndani inatoka tena. Usifanye.

Kisha kuna jambo ambalo gereji haliwezi kuonekana. Dramu ikipata moto inatanuka, inakimbia shuu, na fimbo ya busta inalazimika kutoka mbali zaidi. Breki iliyoonekana inatosha ikiwa baridi hapa Unga Limited inaweza kuishiwa fimbo kule mteremkoni. Ndiyo maana nasisitiza kupima kwa tepu, "inashika" haitoshi. Muulize pia dereva anavyoteremka. Akikwambia anaacha gia kubwa na kukanyaga breki njia nzima, hata umfungie shuu mpya kila mwezi zitaungua. Aingize gia ndogo kabla ya mteremko na atumie breki ya injini. Na dramu ikiwa nyekundu kwa moto, asimwagie maji, inapasuka.

Hatua ya 6: Nati za tairi

Fupi lakini imenipa usingizi mbaya. Malori mengi ya Kijapani ya zamani, nati za upande wa kushoto zina uzi wa kinyume: zinafunguka kwa kuzungusha kulia. Msaidizi asiyejua atakata stadi nne, zile boliti zinazoshika nati, kabla ya chai. Safisha kutu, matope na rangi nene kati ya rimu na habu, kaza kwa kupishana kama nyota, umalizie kwa spana ya kupimia nguvu. Baada ya kilometa 50 hadi 100 zikazwe tena. Mwambie dereva kwa mdomo, mwandikie na kwenye karatasi, maana atasahau akifika Boma Ng'ombe.

Ukiwa huko chini angalia springi. Jani likikatika mara kwa mara upande uleule, uliza mzigo. Ekseli moja yenye matairi manne inaruhusiwa tani 10, na gari zima lenye trela haliruhusiwi kupita tani 56. Mizani wanapima, lakini springi hupima mapema zaidi.

Hatua ya 7: Sasa injini

Kanuni ni moja: uliza, tazama, sikiliza, nusa, halafu ndipo spana. Lilianza lini? Likiwa na mzigo au tupu? Nani aliligusa mara ya mwisho?

Moshi unasema mengi. Mweusi: dizeli nyingi au hewa haitoshi, anza na filta ya hewa, maana vumbi la barabara za vumbi halina huruma, kisha mipira ya tabo inayosukuma hewa kwenye injini. Wa bluu: oili inaungua. Mweupe usioisha injini ikishapata moto: dizeli isiyoungua au maji yanaingia silinda. Chomoa kijiti cha oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, usiliwashe tena.

Lililetwa kwangu lori linalochemsha likipanda, tajiri akiwa ameshaambiwa kwingine kwamba hedi, mfuniko wa silinda, imepasuka na ameshapewa bei ya kazi. Niliomba nusu saa. Kati ya rejeta na kipozeo cha hewa kulikuwa na blanketi la nyasi na mavumbi, huwezi kupitisha sindano. Tulitoa, tukasafisha kwa maji ya kawaida kutoka nyuma kuja mbele, likaondoka. Nilipata hela ya kuosha tu, na baadaye nikapata malori yake mengine matatu.

Ikiwa kweli ni hedi, omba iwe Scania. Kila silinda ina hedi yake, kwa hiyo unafungua ile inayohusika, na kwa anayejifunza hakuna darasa zuri kuliko hilo.

Tahadhari kwa injini za kisasa zenye reli moja ya dizeli: ule mtindo wa zamani wa kulegeza nati za nozeli moja moja ili kutafuta silinda mbovu uache kabisa. Shinikizo humo linapita bar 1,000, dizeli inapenya ngozi kama sindano, na mkono unaweza kukatwa. Hapo inatakiwa mashine ya kusoma hitilafu, na kijana anayetaka kula miaka 10 ijayo ajifunze kuitumia sasa. Kabla ya kuchomelea chochote kwenye chesi, chomoa betri zote mbili na kompyuta ya gari. Mfumo ni wa volti 24, na kompyuta iliyoungua ina bei ya pikipiki.

Hatua ya 8: Maneno na hela

Patana kabla ya kufungua. Tenganisha bei ya ukaguzi, ya ufundi na ya spea. Nenda dukani pamoja na mwenye gari au dereva wake, risiti ibaki kwao. Spea kuukuu zitie kwenye kiroba uwarudishie, wazione. Kufanya hivyo kumenipa wateja wengi kuliko kibao changu cha barabarani.

Tajiri akigoma kutengeneza breki uliyomwonyesha, usigombane naye. Mwambie kwa heshima, "Mzee, hii mimi siitoi getini hivi." Akishikilia, andika kwenye daftari tarehe, namba ya gari na ulichokikuta, asaini. Wengi wakiona kalamu wanabadilisha mawazo.

Hatua ya 9: Kuitwa njiani, na kulitoa gari

Utaitwa Longido saa nne usiku. Kabla hujatoka, mwombe dereva akutumie picha na video yenye sauti, na nauli itangulie. Beba kabari, taa, pembetatu za kuakisi, mipira na viungo vya upepo vya akiba, waya, sabuni ya unga. Ukifika, panga pembetatu mbele na nyuma ya gari, ndipo upige magoti.

Kazi ikiisha, usimkabidhi dereva ufunguo ukaaga. Panda naye. Ukiwa Unga Limited, mwambie aelekee Kisongo, akifunga breki mara kadhaa kwa kawaida. Mkifika simamisheni pembeni, shuka, zunguka gari lote ukipitisha kiganja karibu na kila habu bila kugusa. Zote zinatakiwa kuwa na vuguvugu linalofanana. Inayochoma ina breki inayoshika au beringi iliyobanwa. Iliyo baridi kabisa kati ya wenzake haifungi, na hiyo mnarudi nayo gereji.